Kompyuta na Konsoli za Zamani Zinapogoma: Dalili, Sababu na Mahali pa Kuishia

Mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zinazodhaniwa kuwa zimekufa zina tatizo moja dogo tu: adapta iliyochoka, kapasita (vijisehemu vya kuhifadhi chaji) mbili tatu zilizovuja, au mguu wa chipu ulioshika kutu ndani ya soketi yake. Kinachozimaliza kabisa, mara nyingi, ni haraka ya mtu aliyezitoa kabatini, akazichomeka ukutani na kubonyeza swichi ili aone kama bado zinawaka. Kwa hiyo mwongozo huu, ingawa umepangwa kwa dalili, unaanza na kazi inayotangulia dalili zote.

Kabla ya kuwasha chochote

Pima adapta kwanza, ikiwa haijaunganishwa na mashine. Unahitaji malitimita ya kawaida (kifaa cha kupimia volti na omu), na inafaa uwe pia na bisibisi, taa nzuri, kioo cha kukuzia, vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Chipu nyingi za kipindi hicho huendeshwa kwa volti 5, na zimeundwa kuvumilia kati ya volti 4.75 na 5.25. Adapta inayotoa zaidi ya hapo kwenye waya wa volti 5 isiguse mashine tena, hata kama unadhani tofauti ni ndogo.

Kuipima ikiwa baridi na bila mzigo hakutoshi. Nilijifunza hivyo kwa hasara. Adapta moja ya zamani ilisoma volti 5 kamili mezani, nikaiamini na kuiunganisha. Baada ya kama dakika kumi maandishi kwenye kioo yalianza kugeuka alama za ovyo, kisha kioo kikawa cheusi. Nilipochomoa plagi na kuipima tena adapta ikiwa bado ina joto, mita ilisoma zaidi ya volti 7. Tangu siku hiyo huunganisha rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 5 kati ya waya wa volti 5 na waya hasi, ili adapta ibebe mzigo wa karibu nusu ampea, kisha huisubiri kwa nusu saa huku nikiitazama mita. Rezista hiyo hupata moto, kwa hiyo iwekwe juu ya kitu kisichoungua.

Jambo la pili ni mwelekeo wa chanya na hasi kwenye plagi. Plagi mbili zinaweza kuingia tundu moja na bado zikawa kinyume. Kompyuta ya ZX Spectrum hutumia volti 9 zenye hasi katikati. Konsoli ya Sega Mega Drive ya muundo wa kwanza nayo ina hasi katikati, ilhali ya muundo wa pili ina chanya katikati. NES ya asili, konsoli ya Nintendo, hupewa mkondo geu (AC) wa volti 9, na ukichukua adapta hiyo ya mkondo geu ukaichomeka kwenye konsoli nyingine inayotarajia mkondo mnyoofu (DC), unaweza kuiharibu papo hapo. Soma maandishi yaliyo kwenye mashine yenyewe, si kwenye adapta iliyokuja nayo, maana kwa miaka thelathini au arobaini adapta na mashine huwa zimebadilishana wenzi mara nyingi.

Mwisho, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika ubao wa saketi. Umeme tuli wa vidole vyako, ambao hata hutauhisi, unatosha kuua chipu ambayo haitengenezwi tena popote.

Dalili: haiwaki kabisa, hata taa haionekani

Ikiwa adapta ni nzima, sababu inayofuata kwa wingi ni swichi na tundu la umeme. Swichi za zamani hushika uchafu ndani. Iwashe na kuizima mara ishirini au thelathini bila umeme, kisha ujaribu tena. Tundu la umeme huvunjika mahali lilipolehemiwa kwenye ubao, kwa sababu waya umevutwa kwa miaka mingi. Ukiliangalia kwa kioo cha kukuzia utaona duara jembamba jeusi likiuzunguka mguu kwenye lehemu. Ufa huo huzibwa kwa kuongeza lehemu mpya kidogo.

Baada ya hapo tazama fyuzi. Ipime ikiwa imetolewa, usiiamini kwa kuiangalia tu. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya kiwango kilekile, na ikiungua tena acha kuibadilisha, kwa kuwa kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi, na fyuzi kubwa zaidi itahamisha tu moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye ubao.

Mashine nyingi zina kidhibiti cha volti ndani, mara nyingi chipu ya 7805 yenye miguu mitatu iliyofungwa kwenye bati la kupoozea. Pima mguu wa kuingilia na wa kutokea. Kama volti 9 zinaingia na hakuna kinachotoka, kidhibiti kimekufa au kuna mzunguko mfupi (shoti) mbele yake. Njia ya kutofautisha ni kuchomoa umeme na kupima omu kati ya mstari wa volti 5 na hasi. Ukipata omu chache sana, karibu na sifuri, tatizo liko mbele, na mara nyingi ni kapasita ndogo ya tantalamu iliyogeuka kuwa waya.

Hapa pana mpaka wa kwanza wa kazi ya kufanya mwenyewe. Mashine ambayo waya wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani yake, kama vile BBC Micro, Apple II au Macintosh za mwanzo, ina umeme wa kuua ndani ya kasha lake. Katika saketi ya umeme ya aina ya kukatakata (switching), kapasita kubwa ya upande wa ukutani hushikilia zaidi ya volti 300 ikiwa umeme wa ukutani ni volti 230, na inaweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Kama hujawahi kufunzwa kazi hiyo, peleka sehemu hiyo kwa fundi wa vifaa vya umeme. Ubao mwingine wote unaweza kuendelea nao mwenyewe.

Dalili: taa inawaka, kioo ni cheusi au kina alama za ovyo

Hii ndiyo dalili yenye sababu nyingi kuliko zote, na ndiyo inayostahili subira kubwa zaidi.

Anza na televisheni. Mashine nyingi hutoa picha kwa mawimbi ya antena, na televisheni mpya nyingi hazina tena kipokezi cha analogi, au zinacho lakini hazijatafutiwa chaneli. Spectrum, kwa mfano, hutuma picha kwenye chaneli 36 ya UHF. Kama mashine ina tundu la video ya kompositi, litumie hilo kabla ya kuilaumu mashine.

Kama televisheni haina kosa, chomoa umeme, fungua kasha na ubonyeze kila chipu iliyomo ndani ya soketi. Joto na baridi vya miaka mingi huisukuma chipu juu taratibu, na miguu yake hufunikwa na tabaka jembamba la kutu. Ni bora zaidi kuitoa kwa bisibisi bapa, ukiinua ncha moja kidogo, kisha nyingine kidogo, ukipokezana hadi iachie. Halafu uisafishe miguu kwa alkoholi na kuirudisha. Angalia alama ya kibonyeo kwenye ncha moja ya chipu na uipige picha kabla ya kuitoa, kwa sababu chipu ikirudishwa kinyume huungua mara moja. Kazi hii haigharimu chochote, na imenirudishia mashine nyingi kuliko chuma cha kulehemu.

Kwa kompyuta ya Commodore 64, fuata mpangilio huu. Pima plagi ya adapta: kati ya pini ya 5 na ya 2 pawe na volti 5 za mkondo mnyoofu, na kati ya pini ya 6 na ya 7 pawe na karibu volti 9 za mkondo geu. Taa ya mbele hupata umeme wake kwenye volti 5 peke yake, ndiyo maana inaweza kuwaka vizuri ilhali zile volti 9 hazipo. Na katika bodi za mwanzo, zinazopata volti za chipu ya picha kutoka upande huo, matokeo ni kioo cheusi. Fyuzi iliyo ndani ya mashine hulinda upande huo wa volti 9, kwa hiyo ipime hata kama taa inawaka. Kama umeme wote upo, washa mashine kwa dakika moja, kisha uguse chipu moja moja kwa ncha ya kidole. Chipu ya kumbukumbu iliyo nzima huwa vuguvugu. Iliyokufa kwa sababu ya volti kubwa mara nyingi huunguza kidole huku jirani zake zikiwa poa, na hakuna kifaa cha bei kubwa kinachokupa jibu hilo haraka zaidi. Ikiwa hakuna yenye joto la ajabu, mshukiwa mkuu ni chipu inayoitwa PLA, ambayo hupanga nani azungumze na kumbukumbu wakati gani, na ambayo huwa na moto na hufa mara nyingi. Baada yake huja chipu za ROM (zenye programu ya kudumu ya mashine), kisha chipu ya picha na kichakato.

Ikiwa picha inapatikana lakini ina kasoro, soma mstari wa mwanzo. Mashine nzima huandika kwamba baiti 38911 ziko huru. Ukiona namba ndogo kuliko hiyo, kipimo cha kumbukumbu kimekwama mahali fulani njiani, nawe umeshajua pa kutafuta. Ipo pia katriji ya majaribio ya mashine zisizoonyesha picha, ambayo hufanya kazi bila kutegemea ROM za ndani na huwaka na kuzimika kwenye kioo kwa idadi inayoashiria chipu mbovu ya kumbukumbu. Mtu anayetengeneza zaidi ya mashine moja aitafute.

ZX Spectrum ina udhaifu wa namna nyingine. Chipu nane za kumbukumbu ya chini, za aina ya 4116, zinahitaji volti tatu tofauti: 12, 5 na hasi 5. Ukiona mistari au miraba badala ya ujumbe wa haki miliki wa 1982, pima kwenye chipu mojawapo kati ya hizo: pini ya 1 isome hasi 5, pini ya 8 isome 12, pini ya 9 isome 5, ukitumia pini ya 16 kama hasi. Kama ile hasi 5 haipo, zima mara moja. Chipu hizi haziwezi kuishi bila volti hiyo huku zile 12 zikiwepo, na kila sekunde unayoendelea kupima inazidi kuzichoma. Sababu ya kawaida ni transista ya TR4 kwenye saketi inayozalisha volti hizo. Lakini TR4 mara nyingi huuawa na chipu mbovu ya kumbukumbu, au na mtu aliyechomeka kifaa nyuma mashine ikiwa imewashwa. Basi badilisha transista na upime omu za mistari yote mitatu kabla ya kurudisha umeme, la sivyo utaiunguza mpya pia.

Amiga ni mashine yenye huruma kwa fundi, kwani hujieleza kwa rangi inapoanza. Kioo chekundu kinaashiria hitilafu kwenye ROM, kijani kinaashiria kumbukumbu inayotumiwa na chipu za picha, bluu kinaashiria chipu maalumu zenyewe, na njano kinaonyesha kwamba kichakato kimekutana na kosa ambalo hakikuwa na njia ya kulishughulikia. Kioo kikibaki cheusi tangu mwanzo, rudi kwenye umeme na kwenye soketi.

Mpaka wa kuishia katika dalili hii ni huu: kama chipu mbovu imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao na hujawahi kutoa chipu ya miguu kumi na sita au zaidi, usijifunzie hapo. Njia za shaba za bodi za zamani hubanduka kwa joto kidogo tu. Fanya mazoezi kwenye bodi iliyotupwa, au umpe fundi mwenye pampu ya kunyonya lehemu. Ukiamua kuitoa mwenyewe na unajua kwa hakika kwamba imekufa, kata miguu yake yote kwanza, kisha utoe mguu mmoja mmoja. Chipu utaipoteza, lakini ubao utapona.

Dalili: picha ipo, lakini haina rangi, inateleza au ina mistari

Picha isiyo na rangi kwenye mashine iliyotoka nje mara nyingi si ugonjwa. Mashine za Ulaya zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL wa picha 50 kwa sekunde, na za Marekani na Japani kwa NTSC wa picha 60. Televisheni isiyoelewa mfumo wa mashine itaonyesha picha nyeusi na nyeupe au inayoteleza juu na chini. Jaribu televisheni nyingine kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kurekebisha rangi ndani ya mashine, kwa sababu skrubu hiyo ikishazungushwa bila kipimo ni vigumu kuirudisha ilipokuwa.

Mawimbi ya mistari inayopanda polepole hutokana na kapasita zilizokauka, aidha ndani ya adapta au kwenye ubao. Game Boy ya 1989 ina dalili yake ya pekee: mistari ya wima isiyoonyesha chochote, inayotokana na utepe wa mawasiliano ulioachia chini ya kioo. Chuma cha kulehemu chenye joto dogo, kikipitishwa taratibu juu ya utepe huo huku mashine ikiwa imewashwa, huirudisha mistari mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yako. Usibonyeze kwa nguvu na usikawie mahali pamoja.

Dalili: konsoli ya katriji inawaka na kuzimika, au mchezo unaonyesha takataka

Katika NES, taa inayowaka na kuzimika kama mara moja kwa sekunde ina maana mahususi. Ndani ya konsoli kuna chipu ya ulinzi inayozungumza na chipu pacha iliyo ndani ya katriji, na mazungumzo hayo yakikatika, konsoli hujianzisha upya bila kukoma. Kwa hiyo konsoli haijafa; haijaisikia katriji yake. Sababu ya kwanza ni uchafu kwenye meno ya katriji, ya pili ni uchafu kwenye kiunganishi cha pini 72, na ya tatu ni pini za kiunganishi hicho kulegea.

Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi, sugua meno ya katriji kwa kufuata urefu wa jino, na ubadilishe kijiti hadi kipya kitoke kikiwa safi. Katriji moja inaweza kumaliza vijiti sita, na kile cha kwanza huwa cheusi kabisa. Usipulize kwa mdomo. Watoto wa dunia nzima walipuliza, na ilionekana kusaidia kwa sababu katriji ilitolewa na kurudishwa, lakini unyevu wa pumzi huongeza kutu kwenye shaba. Usitumie pia msasa, kwa kuwa unaondoa dhahabu nyembamba iliyopakwa juu ya meno, na ikishatoka kutu inarudi haraka kuliko mwanzo.

Kiunganishi cha konsoli kinatoka bila kulehemu. Kitoe, kisafishe, na ikibidi kichemshe kwenye maji safi kwa dakika chache na ukikaushe kabisa kwa siku nzima kabla ya kukirudisha. Mimi hupendelea kukirejesha kile cha asili kuliko kununua kipya cha bei nafuu, ambacho mara nyingi hubana katriji mno.

Dalili: inafanya kazi vizuri kwa dakika kadhaa kisha inaganda

Fikiria joto. Kidhibiti cha volti kinachopata moto kupita kiasi hupunguza au kukata umeme ili kujilinda, na baada ya kupoa hurudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Ondoa mafuta ya kupitisha joto yaliyokauka kati yake na bati, na upake mapya. Kama joto si tatizo, tafuta chipu yenye ufa wa ndani: mashine ikiganda, puliza dawa ya kupoozea kwenye chipu moja kwa wakati mmoja, na ile inayorudisha uhai mashine inapowashwa upya ndiyo mshukiwa. Lehemu yenye nyufa huleta dalili hiyohiyo, na hugundulika kwa kugonga ubao polepole kwa kijiti cha plastiki.

Dalili: sauti ni ndogo, inakwaruza au haipo

Ukikuta konsoli ya mkononi ya Game Gear yenye sauti ya mnong'ono na kioo kilichofifia, karibu hakuna haja ya kuchunguza zaidi. Kapasita zake zimevuja. Ugonjwa huu unazipata pia Amiga 600 na 1200, ambazo zina kapasita ndogo zilizolehemiwa juu ya ubao. Utaona lehemu iliyopoteza mng'ao na kuwa ya kijivu, na ukigusa kwa chuma cha moto utasikia harufu kali kama ya samaki. Hiyo ndiyo maji ya kapasita yakichemka. Maji hayo hupitisha umeme na hula shaba, hivyo hata mashine inayofanya kazi leo isiachwe ikiwa na kapasita za namna hiyo.

Usizipindepinde hizo kapasita ndogo kwa koleo ili zitoke, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Pedi iliyoliwa na kemikali hutoka pamoja nayo. Weka lehemu mpya kwenye miguu yote miwili, ipashe moto kwa zamu, kisha uiinue bila nguvu. Safisha ubao wote kwa alkoholi kabla ya kuweka mpya, na uangalie mara mbili upande wa hasi, kwani baadhi ya aina za kapasita huwekewa alama upande wa chanya.

Kama sauti haipo kabisa kwenye kompyuta ambayo picha yake ni nzuri, kagua kwanza waya na tundu, kisha chipu ya sauti. Chipu ya SID ya Commodore 64 haitengenezwi tena na hutafutwa sana, basi usinunue bila kuisikia ikilia.

Dalili: baadhi ya vitufe havifanyi kazi

Andika vitufe vyote vilivyokufa kwenye karatasi kabla ya kufungua chochote, kwa sababu mpangilio wake ndio utakaokuambia chanzo. Kitufe kimoja kimoja hapa na pale ni uchafu. Safisha mguso wake. Vitufe vitano vinavyofuatana kwenye Spectrum, kwa mfano Q hadi T, ni waya mmoja uliokatika, na karibu kila mara ni mkia wa plastiki wa utando wa kibodi uliokauka na kupasuka pale unapoingia kwenye ubao. Mkia huo haurekebishiki kwa kudumu. Nunua utando mpya, kwani bado unatengenezwa.

Kwenye Commodore 64, safu nzima ikifa pamoja na kijiti cha kuchezea, mshukiwa ni chipu ya 6526 inayosoma kibodi na vijiti hivyo. Mashine ina mbili zinazofanana, na kama ziko kwenye soketi, zibadilishane mahali. Ugonjwa ukihama, umeupata.

Dalili: kaseti, diski au mchezo haufunguki

Kwa kaseti, safisha kichwa cha kusomea, kisha tazama ukanda wa mpira unaozungusha. Ukiwa umelegea, kasi huyumba na programu haisomeki. Skrubu ndogo kando ya kichwa hurekebisha pembe yake. Izungushe robo ya mzunguko tu, huku ukisikiliza sauti ya kaseti, na usimame inapokuwa kali na angavu zaidi. Diski za inchi 3 za Amstrad CPC 6128 na Spectrum +3 hushindwa kwa sababu moja inayojulikana: ukanda wa mpira huyeyuka na kuwa kama lami. Futa masalia yote kwa alkoholi kabla ya kuweka mpya.

Konsoli za CD husafishwa lenzi kwa alkoholi kidogo na mkono mwepesi. Usizungushe kipimo cha nguvu ya leza ili ijitahidi kusoma. Utapata wiki chache za raha na leza iliyokufa. Wala usitazame leza moja kwa moja mashine ikiwa wazi na imewashwa.

Mchezo unaosahau ulipofikia una betri ya volti 3 iliyokwisha ndani ya katriji, mara nyingi CR2032 au CR1616. Kumbuka kwamba kuitoa hufuta kilichosalia. Nunua betri yenye vibati vilivyokwisha kuunganishwa kiwandani. Kulehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu kunaweza kuilipua.

Dalili: ubao una ukungu wa kijani au bluu

Hii ni dharura, hata kama mashine inawaka. Amiga 500 Plus, 2000 na 4000 zina betri ya nikeli na kadimiamu inayovuja, na maji yake hutambaa chini ya chipu na kula njia za shaba mwaka hadi mwaka. Xbox ya kwanza ina kapasita ya saa inayofanya vivyo hivyo katika matoleo yake mengi, na Macintosh za zamani zina betri ya lithiamu ya volti 3.6 ambayo ikipasuka huharibu hata kasha la chuma. Zitoe zote leo. Mashine nyingi zitapoteza saa na mipangilio midogo tu.

Vaa glavu na miwani. Uvujaji wa betri ya nikeli ni wa alkali, kwa hiyo siki nyeupe iliyopakwa kwa mswaki huutuliza. Utaona mapovu madogo. Kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa, malizia na alkoholi, na uache ubao ukauke siku mbili. Pima kila njia iliyopita chini ya ukungu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Zilizokatika huunganishwa kwa waya mwembamba, lakini zikizidi kumi, au uharibifu ukiwa umeingia kati ya tabaka za ubao, mpe fundi mzoefu wa kazi hiyo.

Dalili: moshi au harufu ya kuungua

Chomoa ukutani, si kwenye swichi ya mashine, na ufungue dirisha. Katika BBC Micro na Apple II, chanzo cha kawaida ni kapasita ya kuchuja umeme wa ukutani, ya karatasi ndani ya plastiki ya manjano inayopitisha mwanga. Plastiki hupasuka nyufa nyembamba, unyevu huingia, na siku moja hulipuka kwa moshi mzito wenye harufu mbaya. Mashine inatisha lakini kwa kawaida imepona, kwa sababu kapasita hiyo haiko kwenye njia ya umeme unaoilisha. Kama unaziona nyufa hizo kabla ya moshi, usiiwashe. Sehemu hii iko upande wa umeme wa ukutani, basi ni kazi ya fundi, naye aweke kapasita ya daraja la usalama la X2 peke yake.

Vioo vya bomba la picha, kama vya Macintosh zenye kioo ndani, ni mpaka usiovukwa. Kikombe cha mpira kilicho ubavuni mwa bomba hubeba volti elfu kumi na zaidi, na chaji hubaki baada ya mashine kuzimwa. Moshi ukitoka huko, funga kasha kama lilivyo na uipeleke.

Mashine iliyowahi kutoa moshi isirudishwe kazini kwa kubonyeza swichi. Tenganisha saketi ya umeme na ubao, ipe mzigo wa rezista kama tulivyofanya mwanzoni, ipime kila mstari kwa nusu saa, na uunganishe ubao pale tu kila volti inapokuwa mahali pake.